Blanketi Moja, Picha Kumi

Nyumba ikiungua Busia, wa kwanza kufika ni majirani na ndoo zao. Wa pili ni polisi na maswali. Wa mwisho, jua likiwa limeshapanda na wapiga picha wameshajipanga, ni mheshimiwa na msafara wake: blanketi, gunia la unga, godoro lingali ndani ya nailoni. Aliyeunguliwa anasimamishwa mbele ya majivu yake, anashikishwa pembe moja ya blanketi, mheshimiwa anashika pembe ya pili, na wote wawili wanaambiwa watazame kamera. Hotuba haibadiliki. Tuko pamoja nanyi. Serikali imesikia. Ajali haina kinga. Kisha milango ya magari inabamizwa, vumbi linatimka, na mwenye msiba anabaki na blanketi moja na picha kumi ambazo hata kuziona hawezi, kwa sababu simu yake imeyeyuka.

Ibada hii imenichosha. Upande wa Kenya ni ileile, upande wa Uganda ni ileile, na tofauti pekee ni rangi ya fulana za wapambe. Ninachosema leo ni kimoja: mtu wa mpakani akiunguliwa, mateso anayopewa na ofisi baada ya moto huwa marefu kuliko yale aliyopewa na moto wenyewe, na mateso haya ya pili hayakuletwa na Mungu. Yametungwa na watu. Yana mihuri, yana ada, yana saa za kufungua na kufunga, na yanaweza kuondolewa bila kumsubiri mfadhili yeyote kutoka ng'ambo.

Na ile methali tuiache ipumzike. Wahenga walisema ajali haina kinga ili kumliwaza aliyefikwa. Siku hizi inasemwa ili kumtetea aliyelala kazini.

Tuanze na petroli, maana hapa kwetu huwezi kuutaja moto ukaiacha. Uganda haina bandari. Karibu mafuta yake yote hupitia Mombasa, na bomba la Kenya linakomea Eldoret na Kisumu. Kuanzia hapo ni malori ya tangi, usiku na mchana, kuelekea Malaba na Busia. Bomba la kuyafikisha mafuta Kampala limezungumzwa kwa miongo, na hadi sasa limebaki kwenye mazungumzo. Ongeza hili: nchini Kenya mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei ya juu ya petroli kila tarehe 14 ya mwezi. Uganda bei imeachiwa soko. Nchi mbili, bei mbili, na katikati yake vichochoro ambavyo hata mbuzi wanavijua. Mwaka 2022, Nairobi ilipokuwa ikilipa ruzuku ya mafuta, vidumu vilikimbilia Uganda. Bei zikigeuka, vidumu navyo hugeuza njia. Mji huu ndio uliozaa bodaboda, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, kwa hiyo asitushangae mtu akiona tunajua kuvusha vitu. Kijana mwenye pikipiki hahitaji shahada ya uchumi ili ajue pa kununua na pa kuuza.

Lakini kidumu kilichovuka usiku lazima kilale mahali. Kinalala chumbani.

Ingia uone. Chumba cha kupanga, futi 10 kwa 10, ukuta mmoja na jirani kulia, ukuta mmoja na jirani kushoto, dari hakuna, mabati yamepita juu ya vyumba vyote sita. Pazia limekigawa chumba mara mbili: mbele kochi na meza ya runinga, nyuma kitanda. Chini ya kitanda na nyuma ya mlango vimepangwa vidumu vya njano vya lita 20, na kimoja kofia yake imepotea, mdomo umezibwa kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa. Mwenye chumba si mjinga. Hawashi mshumaa, anamimina kwa mwanga wa simu. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoweka. Huteremka, hutambaa sakafuni, hupenya chini ya mlango, na hapo barazani jirani amewasha sigiri anasonga ugali. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Busia haihitaji kubembelezwa.

Moto ukilipuka, majirani kwa wema wao wote huumwagia maji. Petroli huelea. Maji yakitiririka huibeba ikiwa inawaka, yakaipeleka chumba cha tatu na cha nne. Cha kumwaga hapo ni mchanga au udongo, na udongo Busia haununuliwi. Jambo hili lingeweza kufundishwa katika baraza moja la chifu au mkutano mmoja wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji la Uganda, kwa dakika 15, bila posho. Mikutano tunayo mingi sana. Huzungumziwa kura.

Sitawatetea wanaolaza petroli kitanda kimoja na watoto. Wanajua wanachokifanya, na wengine wameshazika kwa sababu yake. Magendo ni kosa na anayeyafanya ashtakiwe. Kinachonikera ni ule mshtuko wa asubuhi. Wote wanashtuka! Mwenye ploti anashtuka, ilhali harufu ilimkaribisha kila mwisho wa mwezi alipokuja kuchukua kodi. Mzee wa nyumba kumi anashtuka. Waliokuwa kwenye vizuizi wanashtuka, ingawa pikipiki ilipita mbele yao ikiwa imebeba vidumu vinne huku dereva amekaa juu ya tangi la mafuta kwa kukosa nafasi. Muulize mwendesha bodaboda yeyote wa mtaa wa Sofia au wa Marachi kidumu hupitaje, naye atakucheka kwanza kabla ya kukujibu. Mji mzima unajua mpaka moto uwake. Ukishawaka, anayejua anabaki mmoja tu: yule aliyelala wodini amefungwa bendeji, na polisi ameketi pembeni na daftari.

Na jirani wa kulia, yule wa sigiri? Yeye hakuwahi kuuza hata nusu lita. Alipanga chumba karibu na soko kwa sababu hapo ndipo alipomudu kodi. Ameunguliwa kila kitu, na sasa naye ni mshukiwa, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kwenye safu ile. Uchunguzi ufanyike, ndiyo. Lakini chakula, dawa na mahali pa kulala havipaswi kungoja matokeo ya uchunguzi. Hata mfungwa hupewa ugali.

Tabia hii ya kuhukumu kabla ya kusaidia ni ya zamani na imeenea. Sachang'wan nchini Kenya, Januari 2009, tangi lilipinduka na zaidi ya watu 100 wakafa. Morogoro nchini Tanzania, Agosti 2019, zaidi ya 100 tena. Malanga, kaunti ya Siaya, kwenye barabara hiihii yetu ya kutoka Kisumu kuja Busia, Julai 2021, watu 13. Kila mara neno la kwanza kutamkwa lilikuwa tamaa. Walifuata nini pale? Labda ni kweli kwa baadhi yao. Lakini anayemwita maskini mroho kwa sababu ya ndoo ya petroli angalau atueleze kwa nini tangi linapinduka kijijini na saa nzima inapita bila mtu wa kuwazuia watu wasisogee.

Gari la zimamoto nalo ni kisa kingine. Kenya, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeziachia kaunti kazi ya kuzima moto na kushughulikia maafa. Uganda kazi hiyo ni ya polisi, chini ya kurugenzi yake ya zimamoto na uokoaji. Kwa hiyo kwenye mji ambao mtu hunywa chai nchi moja na kula mandazi nchi nyingine, kuna mifumo miwili isiyo na bosi mmoja. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walikuja wenyewe Busia kufungua kituo cha pamoja cha mpakani, lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Safi sana. Shehena ya saruji imerahisishiwa njia. Ya gari la zimamoto je? Gari likitoka Tororo mjini lina zaidi ya kilomita 25 kabla halijafika Busia, na chumba chenye petroli hakisubiri hata kilomita 5. Gari lililo karibu zaidi, la upande wowote, linapaswa kuvuka bila kumpigia simu mtu Kampala au Nairobi, na utaratibu huo ubandikwe ukutani katika kila kituo cha polisi na kila ofisi ya kata, pamoja na namba ya simu inayopokewa. Narudia: inayopokewa.

Sasa tufike kwenye karatasi, maana hapa ndipo mtu wa mpakani anapomalizwa.

Nitatunga mfano, lakini hatua zake nyote mnazijua. Mama anauza mitumba. Analala upande wa Uganda, kibanda chake kiko upande wa Kenya. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kadi ile ndiyo riziki yake. Moto umeila. Kesho yake asubuhi bidhaa zake zimo kibandani, mita mia chache kutoka aliposimama, na hawezi kuzifikia kihalali. Akipita njia ya panya amevunja sheria. Ndugu zake wa Kampala na Nairobi wamechanga usiku kucha, wametuma kwa simu. Fedha zimeingia kwenye laini yake. Laini ilikuwa ndani ya simu, simu ilikuwa juu ya meza ya runinga. Anakwenda kurudishiwa laini, anaulizwa kitambulisho. Anakwenda NIRA, mamlaka ya vitambulisho ya Uganda, kutafuta kitambulisho kingine, anaambiwa kadi iliyopotea hulipiwa shilingi 50,000 za Uganda. Shilingi 50,000 anazo. Ziko kwenye laini.

Msomaji, rudia aya hiyo taratibu, kisha uniambie ni moto gani uliomfunga mama huyu.

Wakenya wasicheke. Kwao ada ya kitambulisho kilichopotea ilikuwa shilingi 100, mwaka 2024 ikapandishwa hadi 1,000. Mara kumi! Kwanza upate hati ya polisi ya upotevu, ile tunayoiita abstract, ambayo kisheria ni bure na ambayo kila mtu mzima amewahi kuambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi za kuchapishia zimekwisha. Halafu yapo ya mpakani peke yake. Wateso wako pande zote mbili. Wasamia wako pande zote mbili. Mtu ana mjomba Tororo, shangazi Amagoro, kaburi la babu liko ng'ambo ya mto Malaba. Karatasi zake zikiwa mkononi ni mwananchi. Zikiungua, ofisa anamtazama usoni na kumwambia, wewe ni wa kule. Kwa miaka mingi waombaji wa vitambulisho wa mipakani walipitishwa kwenye kamati za uhakiki ambazo mwombaji wa Nyeri hakuwahi kuziona, hadi Rais Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba ukaguzi huo wa ziada umefutwa. Tangazo ni jema. Ofisa wa dirishani ndiye anayepaswa kulisikia.

Ninachodai hapa hakihitaji bajeti. Barua moja ya chifu, au ya mwenyekiti wa LC1, iliyoandikwa siku ileile ya moto na kupigwa muhuri, yenye majina ya wote waliokuwa wakiishi ndani, itambulike kwa siku 30 na polisi, na kampuni za simu, na benki, na shule, na maofisa wa mpaka wa pande zote mbili. Kitambulisho kipya kitolewe bila ada. Alama za vidole zimo kwenye mitambo yenu, mlizichukua wenyewe, tukapanga foleni juani. Kidole hakikuungua. Na kama kimeungua, basi aibu ya kumdai mtu huyo shilingi 1,000 nendeni mkaieleze kanisani au msikitini.

Wakati tunaisubiri busara hiyo, aliyeunguliwa ajisaidie kwa yaliyopo. Piga picha za kila kitu kabla hujafagia, hata kwa simu ya jirani. Andika orodha ya mali siku ya kwanza, kichwa kikiwa bado kinakumbuka. Wiki ikipita utasahau cherehani ukumbuke sufuria. Noti zilizoungua nusu usizitupe wala usizitoe kwa anayejitolea kuzinunua kwa robo ya thamani yake. Zilaze ndani ya bahasha bila kuzikunja uzipeleke benki, kwa kuwa Benki Kuu ya Kenya na Benki ya Uganda zina utaratibu wa kupokea na kupima noti zilizoharibika. Umeme usirudishwe mpaka fundi amekagua nyaya, maana ploti zetu nyingi zina waya uliopita chumba hadi chumba bila mtu kujua umeanzia wapi. Mabati na nondo visiachwe usiku bila mlinzi. Samahani kusema hivyo katika msiba, lakini wezi hawana matanga.

Mwenye ploti simwachi. Chumba kimeungua tarehe 9, kodi ya mwezi mzima ililipwa tarehe 1, na amana ililipwa siku ya kuingia. Mpangaji akiuliza fedha zake anajibiwa kwamba mwenye nyumba pia amepata hasara. Wengine huenda mbali zaidi na kumdai mpangaji gharama za paa. Ugomvi huu si mpya duniani. London ilipoteketea mwaka 1666, wapangaji walikutwa na mikataba iliyowabana kulipa kodi na kukarabati nyumba ambazo zilikuwa majivu. Bunge la Uingereza likaunda mwaka uliofuata mahakama maalumu ya moto, majaji wakakaa kusikiliza mpangaji na mwenye nyumba, wakaamua nani abebe kiasi gani kulingana na uwezo na haki, bila kuwazungusha watu miaka. Hiyo ni karne ya 17, enzi za farasi na mishumaa. Leo tuna mahakama za madai madogo na mabaraza ya LC, na bado mpangaji wa Busia anayedai amana ya miezi miwili huambiwa aende akatafute wakili. Hakimu mmoja, siku mbili, chini ya mwembe karibu na penyewe palipoungua, angemaliza mashauri yote ya safu nzima.

Bima? Tusidanganyane. Kenya, bima zote kwa pamoja, za magari, za afya, za maisha, hazifiki hata asilimia 3 ya pato la taifa. Uganda haifiki asilimia 1. Bima ya mtu wa Busia ni chama cha kina mama cha kuzungushiana fedha, ni kundi la wanakwaya, ni msikiti, ni wenzake wa stendi ya bodaboda wanaochanga kila mmoja kidogo na kumnunulia sufuria kabla ya saa sita mchana. Watu hawa ndio serikali pekee inayofika kwa wakati. Nawavulia kofia. Ila nawachukia wanaoutumia wema huo kama kisingizio: kwamba kwa kuwa Waafrika tuna undugu, basi kaunti haina haja ya kuwa na hema la akiba. Chama cha kina mama wa sokoni kina wanachama wa soko moja. Moto wa soko ukiunguza wote kwa usiku mmoja, atakayemchangia mwenzake ni nani?

Vijijini huko Tororo na Teso mambo ni tofauti kidogo na ni mabaya vilevile. Kiangazi cha Desemba hadi Februari nyasi za paa zimekauka, cheche ya mekoni inatosha. Huko hakuna petroli wala magendo, na mheshimiwa huwa haji kabisa kwa kuwa barabara haimruhusu. Kinachoungua na nyumba ni ghala. Wimbi, mtama na mbegu za msimu ujao zimekwenda, maana yake familia imepoteza chakula cha sasa na cha mwaka unaofuata kwa nusu saa. Ukiwapelekea blanketi watakushukuru, ni watu wa adabu. Walichohitaji ni mbegu kabla ya mvua za Machi. Na haya yanatokea katika wilaya ya Tororo, penye kiwanda cha saruji kilichoanza miaka ya 1950, malori yake yakipita mlangoni kwa watu ambao baada ya moto hurudishia mabati yaleyale yaliyojikunja, yakinyooshwa kwa nyundo.

Kuhusu mwili nitasema machache lakini yashikeni. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, unga wala yai hapana. Afunikwe kwa kitambaa safi, akimbizwe hospitali. Majeraha makubwa ya Uganda hupelekwa hospitali ya Kiruddu, Kampala, kama kilomita 200 kutoka hapa, na ndugu hukaa naye huko wiki kadhaa, wakilala sakafuni, wakinunua dawa ambazo hospitali haina. Hesabu hiyo nayo iingizwe kwenye kile kinachoitwa msaada.

Na moyo je? Nina ugomvi na maneno tunayowaambia walionusurika. Shukuru Mungu uko hai. Vitu hutafutwa. Wengine hawakutoka. Tunasema kwa nia njema, na kila sentensi inamfunga mtu mdomo. Mwanamume aliyepoteza kila alichokikusanya miaka 15 anaambiwa ashukuru, naye ananyamaza, na miezi mitatu baadaye tunashangaa kwa nini hatoki kwenye vilabu vya pombe. Mtoto anakataa kulala taa ikizimwa, anachapwa. Mwanamke anajilaumu usiku na mchana kwamba ni sigiri yake, wakati sigiri yake ilikuwa barazani siku zote na petroli ndiyo iliyomfuata. Mwache mtu aseme. Kaa naye, usimpe hotuba. Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure, 1199, ambayo mtu aliyelemewa anaweza kuipiga na kuzungumza. Iandikwe kwenye hayo magunia ya unga badala ya jina la mgombea.

Mheshimiwa atasema fedha hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya mwaka 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura, na malipo yake kwa mwaka yanaweza kufika hadi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Asilimia 2 si mahindi ya kuku. Kwa Uganda ni aibu zaidi. Katiba ya 1995, ibara ya 249, inaagiza kuwepo Tume ya Kujiandaa na Kukabiliana na Maafa, ya asili na ya kusababishwa na watu. Imeandikwa kwa amri, haijaandikwa kwa ombi. Watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao sasa. Tume haijaundwa. Kazi imebaki kwa idara moja katika ofisi ya Waziri Mkuu, yenye shughuli za maporomoko ya Bududa, mafuriko, njaa ya Karamoja na wakimbizi, na vyumba sita vilivyoungua Busia haviwezi kupanda juu ya faili hizo hata viwake mwaka mzima.

Wabunge wetu wa Busia na Tororo, na nyinyi waheshimiwa wa bunge la kaunti pale ng'ambo, mnaona fahari kupiga picha na waliounguliwa. Haya, nimeelewa, ni kazi ya siasa. Basi kabla ya picha inayofuata mtujibu kwa maandishi: mfuko wa dharura una kiasi gani leo, nani anatia saini fedha zitoke, na zinachukua saa ngapi kumfikia mtu aliyelala nje? Mkishindwa kujibu hayo matatu, bakini majumbani mwenu na mtuachie barabara wazi, magari ya wagonjwa yapite.

Nawe msomaji wa Sofia, wa Marachi, wa Malaba, wa Tororo mjini: mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa miezi kabla ya hapo katika mikutano ambayo sheria inakupa haki ya kuingia. Mikutano hiyo hujaa wapambe kwa sababu sisi hatuendi. Nenda mwaka huu. Waambie wakusomee mstari wa zimamoto na mstari wa maafa, tarakimu kwa tarakimu, na usikae chini mpaka wamesoma.